Vitabu Visivyoazimwa

Jumatatu asubuhi Arlène aliingia maktabani akiwa bado na udongo wa shamba miguuni, akaomba kitabu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiomba tangu maktaba ile ifunguliwe.

"Ile ya bulu," alisema. "Kinene. Iko na picha ya neige kwa inje. Ilikalaka pale chini, karibu na dirisha."

Zéphyrin alikuwa mezani, akipiga mistari kwenye daftari kwa rula. Hakuhitaji kugeuka kuitazama rafu ya chini. Alijua ina nini siku hizi: vitabu vya watoto, vimepangwa kwa rangi. Kitabu alichotaja Arlène kilikuwa cha Kiingereza na kilieleza jinsi ya kuondoa theluji barabarani katika nchi za baridi. Kililetwa kama msaada ndani ya sanduku moja na vingine vya aina yake: sheria za kodi za nchi ya mbali, matengenezo ya mashine ambazo hapa katika kambi ya wakimbizi ya Mantapala hakuna aliyewahi kuziona.

"Unataka kusoma mambo ya neige, yaya?" aliuliza, akimwita dada kama siku zote, akijaribu kucheka.

Arlène hakucheka. Alirudisha mlango, akasogea mpaka mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Nitakuambia kweli. Diplome yangu iko mule ndani."

Watu wa mtaa wao walimjua Arlène kama mama mwenye mihogo mizuri. Wachache walikumbuka kwamba kule Pweto, ng'ambo ya ziwa Mweru, katika nchi waliyoikimbia, alikuwa muuguzi kwa miaka minane. Alivuka mpaka na mtoto mmoja mgongoni na karatasi hiyo moja, cheti chake cha uuguzi, ndani ya nguo. Shule iliyompa iliteketea mwaka ule ule, na daftari zake zote.

"Nyumba yangu inavuja, na muchwa banakula mpaka sabuni," alieleza. "Hapa kuko mabati. Kuko ciment chini. Nikajiuliza, ni kitabu gani mutu hataigusa hata siku moja? Nikachagua ile ya neige. Kila mwezi nakuyaka hapa, nafungua, naangalia, nafunga. Ulikuwa unafikiri ninapumzika tu."

Ni kweli. Alidhani anapumzika.

"Sasa ku kliniki banatafuta muuguzi mwenye anajua Kiswahili," Arlène aliendelea, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Baliniita. Banataka karatasi yenyewe, original, Ijumaa. Bon, unipatie kitabu, nitoe."

Zéphyrin alitazama kalamu yake. Angeweza kusema mambo mengi. Lililotoka mdomoni lilikuwa lile alilokwisha kuliandika.

"Muchwa," alisema. "Bilikuliwa na muchwa, yaya. Ile rafu muzima. Nilitupa."

"Byote?"

"Byote. Iko hata mu cahier." Alifungua daftari, akamwonyesha mstari wa wiki tatu zilizopita, ulioandikwa kwa mwandiko wake ulionyooka: *Vitabu 31 vimetolewa. Vimeliwa na mchwa.*

Arlène aliusoma mstari huo kwa kidole, neno kwa neno. Akabaki ameinama juu ya daftari muda mrefu kuliko mstari wenyewe.

"Kosa ni yangu," alisema mwishowe. "Ningekuambia toka mwanzo. Weye ungechunga. Aksanti juu ya kunionyesha."

Akatoka, akafunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumbani kwa mgonjwa.

Vitabu havikuliwa na mchwa. Mwanzoni mwa mwaka Zéphyrin alisoma daftari la kuazimisha ukurasa kwa ukurasa, akaweka alama kila kitabu kilipotajwa. Vitabu thelathini na kimoja havikupata alama hata moja. Vitabu vya watoto vilikuwa vimelala sakafuni kwa kukosa nafasi. Hesabu ilikuwa wazi, na yeye aliipenda hesabu iliyo wazi. Utaratibu ulisema kitabu cha kutolewa kimsubiri Bi Chisala, msimamizi aliyekuja kutoka Nchelenge kila Alhamisi, akitazame, atie sahihi. Zéphyrin hakusubiri. Mkewe Pierrette alikuwa akikaanga mikate na kuiuza karibu na lango, na wateja walianza kulalamika kwamba karatasi za mifuko ya saruji zinaacha vumbi kwenye chakula. Kwa siku tatu alibeba vitabu nyumbani ndani ya gunia. Kisha akaandika mchwa, kwa sababu mchwa hawaitwi kuhojiwa.

Alimkuta Pierrette nyuma ya nyumba akikanda unga. Binti yao Chouchou, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa kwenye mkeka, akichana kurasa na kuzikunja kama pembe, moja ndani ya nyingine.

"Bitabu bingapi bimebakia?" Zéphyrin aliuliza.

"Bitatu. Utaleta bingine?"

"Ile ya neige iko?"

"Ile ilimalizika ya kwanza. Karatasi yake ilikuwa laini." Pierrette alimtazama usoni, akaacha kukanda. "Nini?"

Alimweleza akiwa amesimama. Alipofika kwenye neno diplome, mikono ya Chouchou ilisimama.

"Miye niliiona," Chouchou alisema. "Iliangukaka toka mu kitabu. Karatasi nguvu, iko na kichwa ya chui na cachet, ile muhuri. Nilisoma *diplôme*. Nilifikiri papa anajua. Ni papa njo mwenye alileta."

"Na ulifanya nini?"

Mtoto alimtazama mama yake.

"Alinipatia miye," Pierrette alisema. "Haikubali kukunjwa. Ile siku Ba Felistus, ule mama wa Kabuta kule ku ziwa, alinunua mikate mingi ya kupelekea batu yake ya samaki. Nikaweka ile karatasi chini, mu kikapo yake, juu mikate isiguse chisense, wale samaki badogo." Alirudia kukanda, kwa nguvu kuliko mwanzo. "Na weye ulimwambia Arlène nini?"

"Muchwa."

"Bon. Baki na muchwa."

"Pierrette."

"Baki na muchwa, nakuambia! Ukisema kweli, Bi Chisala ataleta mutu mwingine, na ile kidogo unapataka kila mwezi itakwisha. Uniforme ya huyu utashona na nini? Na majani ya muhogo?" Alinyamaza, kisha akaongeza kwa sauti tofauti, bila kuinua macho, "Na batu batasema mikate ya Pierrette inafungwa na diplome ya batu."

Zéphyrin aliketi mkekani. Alichukua kurasa alizokunja Chouchou, akazinyoosha moja moja juu ya goti, akitafuta. Zilikuwa za sheria za kodi. Alizisoma kwa mara ya kwanza na hakuelewa kitu, lakini alizisoma zote. Chouchou alimtazama, kisha akaanza kunyoosha zile za upande wake.

Kesho yake, kabla hajamaliza kufagia maktaba, Arlène alirudi na beseni kichwani.

"Majivu," alisema, akilitua. "Ya miti, si ya makaa. Nilipitia kwa majirani nikaokota. Muchwa baliisha kula yangu, lakini kuko ya bengine hapa. Si miye peke yangu nachunga kitu mu bitabu yako."

"Ba nani?"

"Sitataja majina. Miye niliona, nikajifanya sioni. Na bao baliniona."

Akapiga magoti, akaanza kumwaga majivu kwa kiganja chini ya ukuta, mstari mwembamba usiokatika. Alifanya kazi hiyo vizuri, kama mtu aliyewahi kufunga vidonda. Alikwenda kona kwa kona, akisogeza rafu kidogo, akichungulia nyuma, akizirudisha. Zéphyrin alisimama na ufagio mkononi asijue pa kuuweka.

Kwenye dirisha Arlène alisita. Alipitisha kidole kwenye sakafu ya saruji, kisha ukutani, kisha chini ya ubao wa rafu. Mkulima yeyote wa Mantapala anaijua njia ya mchwa: utepe wa udongo unaopanda ukutani, na hata ukikwanguliwa huacha doa. Pale hapakuwa na utepe wala doa. Alikitazama kidole chake. Kilikuwa safi.

Akachota majivu mengine, akaendelea.

Angegeuka na kuuliza, Zéphyrin pengine angejitetea. Lakini Arlène aliendelea kumwaga majivu kukinga ukuta usio na mchwa.

"Yaya Arlène. Wacha."

"Bado kidogo."

"Haikuwa muchwa."

Mkono wake ulimaliza kumwaga majivu yaliyokuwamo. "Ilikuwa nini?"

"Miye. Niliangalia mu cahier, nikaona hakuna mutu aliyeazima. Nikapatia muke yangu afungie mikate."

Arlène aliketi sakafuni, mgongo kwenye rafu, mikono myeupe kwa majivu ikiwa juu ya magoti. Watoto wawili walichungulia mlangoni, wakaona nyuso zao, wakaondoka.

"Na jana ukaacha niseme kosa ni yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Nilirudi nyumbani, nikamwambia mutoto yangu: mama yako ni mujinga, alificha uzima wake mu karatasi ya neige. Tukacheka, juu nisilie." Alijifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole. "Ulifungua hata kimoja, mbele ya kuvitoa? Kutikisa tu?"

"Hapana."

"Wewe njo mwenye kuchunga bitabu."

"Ndiyo."

"Sasa unajua iko wapi?"

"Nafikiri iko Kabuta."

"Basi enda ulete," alisema Arlène, akainuka, akalichukua beseni lake lililobaki na majivu nusu.

Kutoka kambini kulihitaji karatasi ya ruhusa. Jumatano asubuhi afisa wa lango alimuuliza Zéphyrin sababu ya safari, naye akajibu, kwa kuwa hakuwa na jibu jingine, kwamba anafuata karatasi iliyofungia mikate. Afisa alimwita mwenzake aje asikie. Wakamfanya alirudie. Kisha wakaandika *shughuli za familia*, wakampa siku moja.

Alipanda baiskeli ya jirani. Njiani alipishana na wachuuzi wa chisense, wale dagaa wa ziwani, magunia yamefungwa nyuma ya baiskeli mpaka mwendeshaji haonekani kwa nyuma. Mchana ulikuwa umeiva alipoona maji ya Mweru, na harufu ya samaki waliotandazwa juani ilimfikia kabla ya nyumba za kwanza za Kabuta. Alimkuta Felistus akigeuza samaki juu ya nyavu kuukuu, kofia ya majani kichwani.

"Mwebantu! Bwana ya mikate!" Felistus alipiga kelele kwa Kiswahili chake cha biashara, alichojifunza kwa wanunuzi wa ng'ambo. "Muke yako anakutuma kuuza kwa kinga, hii baiskeli, sasa? Mikate iko wapi?"

"Hakuna mikate, bamayo," alijibu, kwa heshima kama kwa mama yake. "Natafuta karatasi."

Alipomaliza kueleza, Felistus alikuwa ameacha kucheka. Alimwongoza ndani ya nyumba yake. Chumba kilikuwa na kitanda, redio, na ukuta wa udongo uliobandikwa picha: kalenda ya kanisa, ukurasa wa gazeti wenye maharusi, na katikati, mahali pa heshima, diplome ya Arlène. Kichwa cha chui kilitazama mlango.

"Ile chui ni muzuri," Felistus alisema, kidogo kwa aibu. "Bageni bananiuliza, hii ni nini? Miye nasema, ni certificate yangu. Sikusoma hata grade four. Lakini banakaa vizuri mu kiti wakiiona."

"Mulibandika na nini?"

"Uji ya muhogo. Ile inashika sana."

Ilikuwa imeshika kweli. Zéphyrin aliomba maji ya uvuguvugu na kitambaa, na Felistus akampa pia kisu chembamba cha kupasulia samaki. Akaanza pembeni. Analowesha, anasubiri, anasukuma kisu kwa urefu wa ukucha, analowesha tena. Wanawake waliokuwa juani walikuja mmoja mmoja wakasimama mlangoni.

"Anafanya nini uyu?"

"Anaiba ukuta."

"Awe, hapana, ni mutu wa library ya Mantapala. Anasoma kisha kuchubua."

"Library gani hiyo? Hata karatasi moja inamushinda kuchunga."

Hakugeuka. Walilosema lilikuwa kweli. Jasho lilimdondoka kidevuni, akawa analikinga kwa mkono lisiangukie wino. Baada ya muda mrefu karatasi ilikuwa imeachia yote isipokuwa ukanda mmoja katikati, upana wa vidole viwili. Hapo uji ulikuwa umewekwa mwingi. Alilowesha mara tatu. Alipovuta, ukanda ule ulikatika, ukabaki ukutani. Alikuwa ameshika diplome yenye mhuri, sahihi, tarehe na chui. Katikati palikuwa na tundu. Ukutani, juu ya udongo, palisomeka jina kamili la Arlène.

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha watu bila kuomba ruhusa.

Felistus aliutazama ukuta, akamtazama yeye. Akatoka, akarudi na jembe la mpini mfupi.

"Sogea, batata," alisema, akimwita baba kwa heshima.

"Munafanya nini?"

"Nyumba ni yangu. Udongo uko mingi kule inje." Akapiga jembe upande wa juu wa jina, kisha chini, kisha pembeni, kwa uangalifu kama anayechimba kiazi. Mwanga wa nje ukapenya. Bonge la udongo, ukubwa wa mkate, lilidondoka kwenye viganja vya Zéphyrin, na jina juu yake halikuguswa. Wanawake mlangoni walishangilia.

Felistus alilifunga bonge ndani ya kitenge chakavu. "Umwambie mwenye jina: alinisaidia wiki hizi. Nilikuwa mutu ya masomo." Akatazama tundu la ukutani. "Na muke yako ataniletea mikate. Ya bure. Na aifunge na majani."

Alhamisi Bi Chisala alifika kutoka Nchelenge, mwanamke mnene mpole aliyevaa miwani kwa kamba. Zéphyrin alimwomba msaada: kliniki ingetaka barua ya Kiingereza ya kueleza kwa nini diplome ina tundu, na Kiingereza chake hakikutosha. Bi Chisala akavuta kiti, akafungua kalamu.

"Semeni, Ba Zéphyrin. Naandika."

"Muandike: diplome hii ilikuwa imechungwa ndani ya kitabu cha maktaba."

"Ee."

"Kitabu kilitolewa, kikachanwa, karatasi zikafungia mikate."

"Kilitolewa na nani? Barua haiwezi kusema *kilitolewa* tu."

"Na mimi."

Kalamu ilisimama. Bi Chisala alilivuta daftari, akafungua wiki tatu nyuma, akasoma. "Hapa kuna mchwa."

"Niliandika uongo, madam."

Alidhani atapaza sauti. Bi Chisala aliandika sentensi, akaisoma kimya, akaandika nyingine. Alipomaliza alimpa atie sahihi. Kisha akavua miwani.

"Vitabu vingine thelathini? Kulikuwa na nini ndani?"

"Sijui."

"Munajua majina ya vitabu?"

"Hayo nayajua. Niliyaandika yote."

"Napaswa kuripoti, na nitaripoti. Malipo yatasimama, pengine mpaka mwisho wa mwaka, pengine kabisa." Alilitazama fungu la funguo lililokuwa mezani, na Zéphyrin akalisukuma kuelekea kwake. Hakulichukua. "Nikimleta mutu mupya, siku mwenye kitu akija kuulizia, atamjibu nini? Atasema sijui, na itakuwa kweli. Mubaki nazo nyinyi. Bure, kama munakubali."

"Nakubali."

Alishangaa jinsi jibu lilivyotoka upesi. Miaka mitano alikuja humu kwa sababu ya malipo, akapenda mistari iliyonyooka na rafu zilizojaa, akadhani hiyo ndiyo kazi. Sasa alitaka kubaki, na hakuona kwamba ana haki ya kutaka.

Ijumaa alikwenda kliniki na Arlène, akitembea hatua tatu nyuma yake, bonge mikononi. Mkuu wa kliniki, Ba Kingsley, aliisoma barua. Akaiweka diplome mezani. Zéphyrin akafungua kitenge, akalitua bonge chini ya tundu, na jina likakaa mahali pake.

Ba Kingsley alilisoma jina. "Nimeona diplome za uongo nyingi," alisema. "Hii ni ya kwanza kuletwa na ukuta wake."

Hakumpa Arlène kazi ya uuguzi siku hiyo. Angepiga picha vyote na barua, avipeleke juu, na jibu lingechukua miezi. Kwa sasa Arlène angeanza Jumatatu kupima uzito wa watoto.

Nje, Zéphyrin alimkabidhi karatasi na bonge.

"Yaya, naomba..."

"Leo hapana," Arlène alisema. Hakusema kwa hasira. "Nilikuwa na karatasi muzima. Sasa niko na karatasi na udongo. Usiniombe kitu leo." Akatembea hatua chache, akageuka. "Lakini Felistus ulimwambia aksanti?"

"Nilimwambia."

"Vizuri."

Wiki iliyofuata Zéphyrin alifungua kila kitabu kilichobaki. Hakutikisa, alifunua ukurasa kwa ukurasa. Katika kitabu cha jiometri alikuta cheti cha ubatizo, katika kamusi ya Kijerumani picha ya mwanamume mwenye baiskeli mpya, kwingine mbegu za nyanya ndani ya karatasi, ufunguo wa nyumba ambayo bila shaka iko ng'ambo. Alikirudisha kila kitu kwenye ukurasa wake ule ule, kwa sababu ndio ukurasa aliokuwa akiukumbuka mwenye kitu hicho. Kwenye daftari, mbele ya jina la kila kitabu cha namna hiyo, aliweka nukta ndogo, na hakumweleza mtu maana yake.

Kisha akakata ule mstari wa mchwa kwa rula, na chini yake akaandika ilivyokuwa. Akachukua karatasi kubwa, akaorodhesha vitabu thelathini na kimoja, rangi na unene wa kila kimoja, kwa kuwa si wote wanaosoma Kiingereza. Juu akaandika: *Vitabu hivi nilivitoa mimi, Zéphyrin, bila ruhusa. Kama ulikuwa umeweka kitu, uniulize.* Akaibandika mlangoni.

Kufikia jioni alikuwa na jina jipya. Watoto walipita wakiita, "Bwana Muchwa! Bwana Muchwa!" Pierrette alilisikia kwenye biashara yake, mahali ambapo mikate sasa ilifungwa kwa majani ya mgomba na wateja walikuwa wamepungua.

"Sasa unafanya bure kazi uliyokuwa unaharibu kwa malipo," alimwambia, akimpakulia. Baadaye kidogo akasukuma kuelekea kwake kurasa zilizosalia za vile vitabu vitatu vya mwisho, zimefungwa kwa uzi. "Chouchou aliangalia yote. Miye pia, ingawa siyui kusoma. Hakuna kitu. Urudishe."

Siku zilipita, hakuna aliyekuja kuuliza. Zéphyrin angeweza kuanza kuamini kwamba vitabu vingine thelathini vilikuwa vitupu. Hakuamini. Kila kivuli kilipopita mlangoni, mkono wake uliacha kuandika.

Jumanne moja mzee aitwaye Evariste, aliyeishi mwisho kabisa wa kambi, alisimama mbele ya orodha. Aliisoma muda mrefu, midomo ikicheza. Kidole chake kilishuka taratibu, kikasimama kwenye namba kumi na tisa: *chekundu, kinene, mgongo umepasuka.* Kikabaki hapo. Alivua kofia, akaingia.

"Bwana Muchwa njo weye?" aliuliza.

Zéphyrin aliinuka. Akaizunguka meza hadi upande wenye kiti, akakivuta, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Njo miye, papa," alisema. "Mukae. Muniambie mulikuwa mumeweka nini."